Mliokaa hosteli za vyuo China, tupeane uzoefu

Kijukuu
Wakuu, mdogo wangu kapata skolashipu ya serikali ya China anaondoka mwezi wa tisa, jana kaniuliza "braza nibebe nini" nikaanza kucheka peke yangu maana mambo ya hosteli yote yalirudi. Ayi wa getini (shangazi wa Kichina anayesimamia hosteli) anayejua unaingia saa ngapi kuliko mama yako mzazi, saa tano usiku mgeni wako anaitwa kwa sauti ashuke, friji la jikoni mayai yanapungua na ukiuliza hakuna anayekula mayai. Mliopita huko tiririkeni.

BintiMakoroboi
Maji ya moto 😂😂 tumbo linauma, kunywa maji ya moto. Mafua, maji ya moto. Siku nalia nimemkumbuka mama, ayi kaja na chupa ya maji ya moto.

Mti Mkavu
Mimi nilikuwa Harbin, nje hasi 28 ukivuta pumzi vinyweleo vya pua vinaganda, ila ndani mabomba ya joto yanawaka kuanzia Oktoba mpaka Aprili unalala na singlendi na dirisha wazi. Mtihani ulikuwa bafu la pamoja, halina mlango halina pazia, watu wazima mmesimama kama mlivyozaliwa, wenyeji wanasuguana migongo na stori juu. Nikaona nioge na bukta. Bukta ndo iliyofanya bafu zima wanigeukie.

kaka_tofali
Watu wa kaskazini mtuache na baridi yenu. Kusini ya mto Huai mabomba hayo hayapo, mpango wa serikali yao tangu miaka ya 50 huo. Wuhan nje nyuzi 2, chumbani karibu hizo hizo, unasoma umevaa glavu.

Mti Mkavu
Nyuzi 2? Kwetu Njombe hiyo ni asubuhi tu

kaka_tofali
Umelala na singlendi halafu unatuletea Njombe. Kaa kimya

mlipakodi
Mmelipiwa ada, mmelipiwa hosteli, posho juu, bado mnalialia. Sisi huku nyumbani tulikosa boom (hela ya mkopo wa chuo) tukabebana watatu kitanda kimoja.

BintiMakoroboi
Kaka yangu posho ya digrii ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi, toa msosi toa nauli, toa kusuka ambako msusi yuko Guangzhou na mimi niko Shenyang. Na nani kalia hapa? Soma mada.

Ngalawa
Sikutaka kuandika ila mmetaja Wuhan, nilikuwa huko korona inaanza. Tangazo lilitoka usiku wa manane kuamkia tarehe 23 Januari 2020, kwamba ikifika saa nne asubuhi treni na ndege za kutoka mjini basi. Tumelala. Naamka simu imejaa misdi koli za nyumbani. Wachina walishaenda kwao mwaka mpya, jengo tumebaki wageni, geti likafungwa, vyakula tunaagiza kwenye grupu la WeChat, joto la mwili tunapimwa kila siku. Barabara ya njia sita chini ya dirisha langu haipiti hata pikipiki, ukimya ule ulinitesa kuliko hofu ya kuugua. Jirani yangu Mmoroko nchi yao ikawafuata na ndege, akaniachia mchele, mafuta na ufunguo wa baiskeli, tukaagana kwa viwiko. Sisi tukabaki. Mama kila akipiga anauliza "umekula?" tu, hana swali jingine. Walifungua 8 Aprili. Mpaka leo naishi peke yangu na nanunua mchele kilo 25.

kaka_tofali
Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikuwa nimeshamaliza 2018, nilikuwa nawaangalia kwenye TV naona mtaa niliokuwa nanunua chapati

mlipakodi
Pole mkuu. Nilikuwa nimeandika kitu nimefuta

Shangazi Online
Turudi kwa mtoto. Abebe mwiko, unga asihangaike nao, wa mahindi unauzwa mtandaoni.

BintiMakoroboi
Shangazi ule ni wa njano, ugali unatoka kama keki. Abebe sembe kilo 5

Mti Mkavu
Asibebe chochote, abebe pilipili

kaka_tofali
Rice cooker (sufuria ya umeme ya wali) asiinunue, ukichomeka chumbani umeme unakata na ayi anaichukua. Kijukuu, dogo anaenda mji gani lakini?

Kijukuu
Nanchang

kaka_tofali
Kusini hiyo. Blanketi la umeme anunue siku ya kwanza

Ngalawa
Na alifiche, ayi anachukua na hilo