Tupeane uzoefu: siku uliyobaki peke yako, kilichobaki ni kuomba rehema tu

Wakuu habari za usiku. Naanza mimi. Mwaka juzi nimeuguza mama wiki sita, wodini ndugu mnaingia muda wa kuona wagonjwa tu so usiku nalala benchi la nje nimejifunika kanga, ndugu zangu kwenye grupu wanatuma vile vikono vya sala afu kimya, friji nshaiuza nipate hela ya dawa. Usiku mmoja nikafungua Zaburi ya 25 nikakwama mstari wa 16, "maana mimi ni mkiwa na mteswa". Aisee. Hilo neno mkiwa, yaani mtu aliyebaki peke yake hana wa kumshika, nilikuwa nalisikia kanisani tu, siku hiyo likawa langu. Nikalirudia weee mpaka mlinzi akauliza dada unaongea na nani, akanimiminia chai kwenye mfuniko wa chupa yake. Mama alifariki siku nne baadae, kwahiyo siuzi ushuhuda wa muujiza hapa. Nyie ilikuwaje?

BintiTanga: Pole sana dada angu. Mi nipo Oman kazi za ndani, mwaka wa kwanza simu anakaa nayo bosi, napewa Ijumaa dakika chache. Nlikuwa nalia chooni nimefungulia bomba wasinisikie. Kilichonishika ni dua ya Nabii Ayubu, Suratul Anbiyaa aya ya 83, anamwambia Mola wake yamenipata madhara na wewe ndo mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu. Sasa angalia, hajaomba hata kitu! Kasema hali yake basi. Na mimi nilikuwa sina hata nguvu ya kupanga maombi, so napiga pasi, naosha vyombo, ulimi unatembea na hiyohiyo.

Mzee wa Kazi: Tafuteni hela, huo upweke utaisha

BintiTanga: @Mzee wa Kazi hela ndo iliyonileta huku kaka

Fundi Rangi: Mke aliondoka na watoto 2019, nikabaki na godoro na redio. Wapendwa wanakuja wananiambia shukuru kwa kila jambo, shangilia, nikawa nawafungia mlango kabisa. Kuna siku nikasoma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio mwishoni jamaa anageuka anaanza kusifu, ila hii hageuki, neno la mwisho kabisa kwenye Biblia yangu ni "gizani". Nilicheka peke yangu chumbani jamani, kumbe hata hivi inaruhusiwa! Usiku ule nikaomba kwa mara ya kwanza baada ya miezi kama mitatu hivi, maombi yenyewe Bwana nihurumie, nikalala.

mgeni_hapa: Nilikuwa msomaji tu. Saa hii nipo nje ya wodi, baba yuko ndani, nimekuja peke yangu.

Mleta mada: @mgeni_hapa jamani pole. Umekula lakini? Tafuta boksi utandike kabla ya kulala, yale mabenchi ya chuma kuanzia saa tisa yanakuwa barafu. Nipo macho mpaka asubuhi, andika tu.