Mrejesho: mshahara wa miezi mitatu, Tanga

Wakuu, habari zenu. Niliwaletea shida yangu hapa: ghala la mkonge huku Pongwe, tajiri hajanilipa miezi mitatu, mkataba wa maandishi sina. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Asanteni sana, hasa dada aliyenihimiza nisiache siku 60 za kufungua shauri zipite. Nilikuwa najiandaa kusubiri "mwezi ujao" kwa mara ya nne. Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoshughulikia migogoro ya kazi, nikajaza fomu namba 1, nakala nikampelekea tajiri. Kufungua shauri sikulipa hata shilingi.

Kilichoniokoa ni meseji za simu. Tajiri alidai mimi ni kibarua wa kupita tu. Nikamwonyesha msuluhishi meseji za mishahara ya nyuma, mwezi baada ya mwezi, kiasi kilekile, jina la mtumaji lilelile. Alizisoma moja moja huku akiandika pembeni. Tajiri akanyamaza. Tukasaini: miezi mitatu yote, kwa awamu mbili. Ya pili imeingia juzi, nimelipa kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Saa za ziada nimekosa. Kaka aliyesema niandike kila siku saa ya kuingia na kutoka alikuwa sahihi, ila ushauri ulinikuta nimeshachelewa. Inaniuma, maana tulipakia robota mpaka saa nne usiku. Michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, bado nafuatilia.

Wenzangu watatu wa ghalani wameshachukua fomu.