Pingili za mgongo zimevunjika na nanyonyesha. Nimwachishe mtoto ziwa?

Mama Zuhra, Tanga
Habari zenu wakina mama. Mwanangu wa kwanza ana miezi mitatu. Nilikuwa namtoa kwenye beseni, mgongo ukalia ka, nikashindwa kunyooka. Nyumbani wakasema ni maumivu ya uzazi tu, mama mkwe akazidisha kunikanda maji ya moto na kunisinga. Ikawa mbaya zaidi, hata kugeuka kitandani nashikwa mkono. Eksirei imeonyesha pingili mbili zimepondeka. Sijaanguka popote, nina miaka 26! Daktari anasema mifupa imepungua madini, nifikirie kumwachisha ziwa. Roho inaniuma. Kuna aliyepitia?

Mama Karimu
Pole sana mdogo wangu. Nimepitia hilohilo kwa mwanangu wa pili. Kwanza kabisa, mgongo usikandwe tena. Mama mkwe anafanya kwa mapenzi, mwonyeshe ile picha ataelewa.

Mtoto akiwa tumboni anachukua kama gramu 30 za kalsiamu, nyingi miezi mitatu ya mwisho. Ukinyonyesha, maziwa yanatoka na miligramu 200 hadi 300 kila siku, na mwili unazichota mifupani. Kila anayenyonyesha hupungukiwa, na akishaachisha mifupa hujijenga upya. Kuvunjika ni nadra sana, ndiyo maana wengi hawaijui. Mara nyingi kuna kingine nyuma yake. Mimi nilikuwa nimemeza vidonge vya steroidi miaka mingi kwa ajili ya pumu. Wewe omba upimwe vitamini D na tezi zinazosimamia kalsiamu.

Kuhusu ziwa: niliachisha, na ningeachisha tena. Mtoto anahitaji mama anayeweza kumbeba. Nilimpa maziwa ya kopo kwa kikombe, siyo chupa, akakua vizuri. Ila ni gharama, kaeni na baba Zuhra mpige hesabu kabla.

Nesi wa Kliniki
Mama Karimu kasema kweli. Naongeza swali: umeshachoma sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu? Nayo hupunguza madini ya mifupa kwa muda. Kwa hali yako mweleze daktari, kuna kitanzi na vipandikizi. Vidonge vya kalsiamu usimeze pamoja na vya damu, vitenganishe kwa saa kadhaa. Kula dagaa wazima na mifupa yao, na maziwa au mtindi. Ukiandikiwa dawa ya kujenga mifupa, sema mapema kama unataka mtoto mwingine, maana baadhi hukaa mifupani miaka. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukakataa kutoka, nenda hospitali usiku huohuo.

Mama Zuhra, Tanga
Ahsanteni mno dada zangu. Sindano nilichoma wiki ya sita, na hakuna aliyeniuliza. Jumatatu narudi kwa daktari na baba Zuhra, nitauliza yote haya. Mama Karimu, ulimwachisha ghafla au kidogo kidogo? Matiti yangu yanajaa sana usiku.

Mama Karimu
Kidogo kidogo. Nilianza kwa kupunguza la mchana, la usiku likawa la mwisho.