Peugeot 504 pikapu: kufufua XN1 nyumbani, kuweka injini ya mtumba, au kuhamia dizeli ya Toyota?

Pikapu_Rongai

Wakuu, salaam. Gari ni 504 pikapu, injini XN1 ya 1971 cc, kabureta, giaboksi ya manuali. Inakula oili, moshi wa samawati ukiachia mafuta kwenye mteremko, maji yanapungua polepole ila oili haijawa kama chai ya maziwa (yaani haijachanganyika na maji). Kompresheni injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta chini kabisa:

1: bar 9.5
2: bar 9.2
3: bar 6.0 (nikitia kijiko cha oili inapanda 8.6)
4: bar 6.4 (nikitia oili inabaki 6.5)

Njia ninazozipima ni tatu: kuifungua na kuijenga upya hapa nyumbani, kununua XN1 iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, au kuweka 2L au 3L (majina ya injini za dizeli, si lita) ya Toyota. Vifaa vilivyopo ni winchi ya tani 1, spana ya toki na fila geji. Maikromita sina. Sakafu ya kabini na ya bodi ya nyuma zina kutu, hilo pia mnishauri.

Fila_Geji

Kwanza, umehesabu silinda kuanzia wapi? Kwenye Peugeot hizi namba 1 iko upande wa flaiwili, si upande wa rejeta. Anayezoea Toyota hukosea hapo, na akija kurudisha nyaya za plagi (mpangilio 1-3-4-2) gari inapiga kabureta na haiwaki.

Pili, usiogope hiyo 9.5. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ni kama asilimia 83 ya hewa ya Mombasa. Injini hiyohiyo ukiishusha pwani itasoma 11 na kitu. Kwa hiyo silinda mbili zako ni nzima. Ugonjwa uko kwenye tofauti: silinda ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 au 20, ina shida.

Ile iliyopanda kwa oili, ringi au laina (bomba la silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka) imekwisha. Ile iliyokataa kupanda inavujia juu: valvu imeungua, au gasketi ya hedi. Ukiunganisha na maji yanayopungua, mimi nashuku hedi. Kabla ya kununua chochote, ingiza hewa ya kompresa kwa bar 3 hadi 4 kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo, pistoni ikiwa juu kabisa, valvu zimefungwa, gari likiwa kwenye gia na breki imebanwa. Hewa ikitokea ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Ikitokea kwenye kabureta, ni ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi au hedi imepasuka.

Pikapu_Rongai

Nilihesabu kuanzia rejeta. Basi wagonjwa wangu ni namba 2 na namba 1. Nimepima kwa hewa: ile isiyopanda inatoa mapovu kwenye rejeta na kidogo kwenye ekzosi.

DizeliTupu

Mkuu, usipoteze muda. Tafuta 3L, 2779 cc, weka, beba mzigo. Haina kabureta, haina distribyuta, haina plagi za cheche za kubadilisha. Spea ziko kila duka la Kirinyaga Road, Nairobi, na kila fundi wa njiani anaijua. 2L ya 2446 cc nisingeichukua, hedi zake zina sifa ya kupasuka zikichemka, na ukiwa unahangaikia kazi ya kubadilisha injini ni afadhali upate ile kubwa. Kumbuka tu mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni.

Fundi_Mwanjelwa

DizeliTupu anasema kweli kuhusu spea, ila hajamtajia mwenzetu bili yote. Mkuu, ukiweka 3L kwenye 504 haya ndiyo yanayokusubiri:

XN1 imelala kwa nyuzi 45, Toyota inasimama wima. Maunti zote unachomea mpya, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) inagombana na memba ya mbele (mhimili wa chini unaokatiza upana wa gari). Wengi hukata sampu na kuichomea upya, halafu bomba la kunyonya oili linabaki mbali na chini au linagusa chini kabisa, na injini inakosa oili kwenye kilima.

Giaboksi ya Peugeot haifungiki pale, kwa hiyo unanunua na ya Toyota, kisha shafti ya kwenda nyuma inatengenezwa upya na kubalansiwa. Ikichongwa bila balansi utasikia mtetemo ukifika kilomita 70 kwa saa.

Breki: buster (kisaidizi cha breki) ya 504 inanyonya vakyumu kwenye manifoldi ya petroli. Dizeli haina vakyumu hiyo. Lazima utumie pampu iliyo nyuma ya alteneta ya Toyota pamoja na mpira wake wa oili na wa kurudisha oili kwenye sampu. Ukichukua alteneta isiyo na pampu hiyo, gari litakuwa na breki ngumu kama jiwe huku limebeba tani.

Tangi: pampu ya dizeli inarudisha mafuta, kwa hiyo unahitaji bomba la kurudi, kichujio chenye kutenga maji, na tangi lioshwe kabisa.

Uwiano wa difu: difu ya gari la petroli imepangwa kwa injini inayopanda zaidi ya mizunguko 5,000. 3L nguvu zake zinaishia 4,000. Utakuwa unapiga kelele kwa 90 barabara ya lami.

Mwisho ni karatasi. Kenya namba ya injini ikibadilika ni ukaguzi na kubadilisha taarifa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), Tanzania ni TRA (mamlaka ya mapato). Bila risiti au karatasi ya forodha ya hiyo injini, utasumbuka siku ya kuuza.

Ni kazi inayowezekana na inafanyika. Ila nyumbani, kwa winchi na spana? Hapana.

DizeliTupu

Nakubali la breki na la difu. Lakini mtu wa mzigo wa kila siku, petroli itammaliza. Hilo halina ubishi.

Fila_Geji

Kama ni mzigo wa kila siku, sawa, hesabu ya mafuta inaipa dizeli haki. Lakini mada inasema kufufua pikapu ya zamani, na XN1 ni katika injini chache ambazo mtu anaweza kuzijenga nyumbani bila kuboa bloku. Sababu ni laina zake: zinachomoka, zinazungukwa na maji. Unanunua kiti (seti kamili) ya laina 4, pistoni 4, pini na ringi, tayari zimelinganishwa kiwandani. Silinda inarudi 88 mm kamili. Kwenye 3L ikiisha, bloku inakwenda karakana.

Kinachoamua si pistoni basi. Ni vitu vitatu: krenki, hedi, na vikalio vya laina ndani ya bloku. Vipime hivyo kabla ya kununua kiti.

Ukishatoa hedi, USIZUNGUSHE krenki mpaka laina zimebanwa kwa boliti, washa pana na vipande vya bomba. Pistoni ikipanda inainua laina, sili ya chini inaachia, na maji yanashuka kwenye sampu. Hata kama unabadili laina zote, zibane, maana takataka za maji ya zamani zikishuka zinaingia kwenye beringi.

Hedi ni ya alumini. Weka rula ya chuma iliyonyooka, pitisha fila ya 0.05 mm pande zote na kwa mshazari. Ikipita, ipeleke ikasagwe kidogo tu, na hapohapo omba wapime kwa presha ikiwa ndani ya maji moto. Angalia kingo za matundu ya maji: gari lililotumia maji ya bomba miaka yote huwa alumini imeliwa mpaka karibu na duara la gasketi. Hapo kusaga hakusaidii, inajazwa kwa kuchomea alumini kisha inasagwa, na fundi wa kazi hiyo si kila mtu. Usiioshe hedi kwa soda kali ya kuoshea bloku, inayeyusha alumini. Dizeli na brashi ya shaba yatosha.

Krenki: huna maikromita, mpelekee mchongaji apime kila jonali (shingo ya krenki inayokaa kwenye beringi) sehemu nne. Ikiwa imeliwa, saizi ya kwanza ya kusaga ni 0.30 mm, inayofuata 0.50. Usinunue beringi kabla ya kusaga, nunua kwa saizi aliyokupa yeye. Nyumbani unathibitisha kwa plastigeji (uzi wa plastiki unaobanwa kwenye beringi kupima nafasi): kwa jonali ya 50 mm hivi, nafasi ya 0.05 mm ni nzuri. Ikizidi 0.08, presha ya oili itashuka injini ikipata moto.

Vikalio vya laina: hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Kwangua kutu na chokaa mpaka chuma kinang'aa, usitumie grinda. Laina inatakiwa ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo ya milimita, na kimo hicho kinapangwa kwa unene wa sili za chini. Chukua kipimo kwenye kitabu cha injini yenyewe, kwa sababu kinategemea aina ya sili. Pima kila laina sehemu nne. Laina mbili jirani zisipishane zaidi ya 0.05 mm. Ile iliyo chini haibanwi na gasketi, moto unapita, na unarudi kwenye mapovu uliyo nayo sasa. Nadhani ndicho kilichokupata.

Pikapu_Rongai

Na mtumba je? Kuna mtu ana XN1 kamili.

Fundi_Mwanjelwa

XN1 ya mtumba haina uhusiano na zile injini za Japani zinazoshushwa na kilomita chache. Imetoka kwenye gari la umri uleule lililokunywa maji yaleyale. Ukiinunua, inunue kama ghala la spea: hedi, krenki ambayo haijasagwa, manifoldi, kabureta. Chomoa plagi, mulika ndani, fungua kifuniko cha roka. Oili iliyoganda kama lami na rangi nyekundu ya kutu kwenye tundu la maji, bei ishuke au uiache. Ikiwa hedi yako imeliwa sana, hapo mtumba unalipa.

Mchomeaji_Likoni

Bodi. Chomoa betri na alteneta kabla ya kuchomea, tangi litoke nje kabisa. Sakafu ya kabini tumia bati jeusi la geji 18 (kama 1.2 mm), bodi ya nyuma geji 16. Usitumie mabati ya kuezekea wala bati la zinki bila kulisaga, moshi wa zinki unaleta homa usiku.

Kuchagua mashine: vijiti vya umeme vya 2.5 mm vinatoboa bati la geji 18, usijaribu kwenye sakafu. Gesi inafanya kazi safi lakini joto linapinda bati pana. Migi (mashine inayolisha waya yenyewe) ya waya wa 0.6 au 0.8 mm ndiyo rahisi kwa mtu wa nyumbani. Doa moja, ruka sentimita 15, doa jingine, rudi ukijaza katikati. Ukivuta mstari mrefu, sakafu itakuwa mawimbi.

Kata kutu mpaka chuma kizima. Kiraka juu ya kutu ni mfuko wa maji. Praima ya epoksi kwenye chuma kitupu, kisha pati (ya kujazia mabonde), si pati kwanza. Pati inanyonya unyevu, na pwani huku inabanduka msimu mmoja wa masika. Ndani ya kingo za milango nyunyiza nta au oili nzito kupitia matundu ya maji, na matundu yenyewe usiyazibe!

Pikapu_Rongai

Naelekea kuijenga. Kiti za bei nafuu zisizo na jina, nitazijuaje?

Fila_Geji

Pima pistoni nne kwenye mizani ya jikoni ya dijitali. Zikipishana zaidi ya gramu 5, rudisha. Ingiza ringi ndani ya laina, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya: kwa 88 mm, 0.35 mm ni nzuri. Chini ya 0.25 ringi itafunga ikipata joto na kukwaruza laina. Usichanganye laina na pistoni za seti tofauti.

Kufunga: mianya ya ringi iachane kwa nyuzi 120. Kausha matundu ya boliti za hedi kwa hewa, oili ikibaki chini inadanganya spana ya toki au kupasua bloku. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Valvu injini ikiwa baridi: kuingiza 0.10 mm, ekzosi 0.25 mm.

Fundi_Mwanjelwa

Naongeza la kuwasha. Toa plagi, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi. Ikiwa umeweka kameshafti na tapeti mpya, paka grisi ya kamu na shikilia mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika 20 bila kuiacha sailensi (mzunguko wa chini), la sivyo kamu inaliwa siku ya kwanza. Oili ya kawaida ya 20W-50, imwagwe baada ya kilomita 500. Usiende mwendo mmoja safari nzima wala usiiache inanguruma pale pale kwa muda mrefu, laina zinang'aa na ringi hazikai.

Ikishapata moto mara ya kwanza na kupoa usiku mzima, rudi kwenye hedi: legeza boliti moja robo mzunguko, kaza kwa kipimo, nenda inayofuata kwa mpangilio uleule. Kisha pima valvu tena, maana zitakuwa zimebana. Na kwenye rejeta weka kizuia kutu kwa theluthi, maji yaliyobaki yawe yaliyosafishwa ya kujazia betri (si asidi).