Taa ya eabegi haizimi, na honi nayo imeanza visa

Jamani, naomba ushauri. Gari ni la mtumba kutoka Japani. Taa ya eabegi, yaani ule mfuko wa hewa unaofunguka gari likigonga, imewaka na haizimi. Kwanza nilishuku ile soketi ya manjano ya waya za eabegi chini ya kiti, maana mvua ililowesha zulia, na hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa mnaijua. Fundi wa umeme huku Changamwe akaisafisha. Wapi!

Sasa honi hulia nikikata kona tu, na vitufe vya redio kwenye usukani vimekufa. Nadhani ni ule utepe wa waya unaojikunja ndani ya usukani, kwani honi, vitufe na eabegi ya dereva vyote hupitia humo. Mashine ya fundi ya kusoma hitilafu za gari husoma injini peke yake. Fundi mwingine ataka kuchomoa balbu ya taa, eti yaishe! Sikubali, taa ikiwaka, mfuko huenda usifunguke siku ya ajali, nami nabeba watoto.

Nani ana mashine inayosoma eabegi, kisiwani au Nyali? Na utepe, ninunue mpya au wa mtumba wafaa? Fundi atakayekata betri kwanza na kungoja dakika kadhaa kabla ya kugusa usukani, huyo ndiye namtaka.