Hivi ni kweli seli NK zinaua hadi seli T zetu wenyewe?

BintiWaKongwa:
Habari zenu wakuu, nasoma maabara hapa Dom mwaka wa pili, kuna kitu kimenikaba tangu juzi. Tumefundishwa seli NK (natural killer, chembe nyeupe za damu za kinga) kazi yake kuua seli zenye virusi na za kansa, sawa, sasa jana usiku nasoma nakuta zinaua mpaka seli T zilizoamka, nazo ni chembe nyeupe za kinga, yaani askari anampiga askari mwenzake vita haijaisha! Faida yake nini jamani? Ijumaa tuna testi.

Shambani_Hombolo:
Mdogo wangu ni kweli kabisa. Kwetu tunalima zabibu, usipopogoa mzabibu unajaza majani tu. Seli T nazo zikiamka zinazaliana fasta, na CD8, zile seli T za kuua, haina huruma, seli ya ini yenye virusi inatobolewa, sasa kama virusi vimejaa ini zima utabaki na nini? Hapo ndo NK anapita na perforini yake, protini ya kutoboa seli, anapunguza seli T.

MzeeWaDarubini:
Naongezea hapo kwenye kupogoa, kiasi cha virusi ndo kinaamua kama ni faida au hasara, na mimi hii sehemu naipenda kuliko zote. Kuna jaribio la panya la 2012, virusi vya LCMV, vya panya hivyo. Dozi kubwa, ukiondoa NK panya wanakufa, wanauliwa na seli T zao wenyewe zilivyozidi, ukiwaachia NK wanaishi ila virusi vinang'ang'ania mwilini maana seli T zimechoka. Njoo dozi ya kati sasa, mambo yanageuka, ukiondoa NK panya anasafisha virusi, ukimwachia ndo anaumwa hadi kufa, kwa sababu seli T zimekatwa nusunusu, kumaliza virusi haziwezi ila kuharibu viungo zinatosha. Halafu NK hakati tu, mwanzo wa maambukizi anamwaga interferoni gama, kemikali ya kupeana ishara, inayosukuma CD4 (seli T wasaidizi) ziwe Th1, aina inayopambana na virusi.

BintiWaKongwa:
Aisee asante sana mzee wangu, shikamoo. Sasa anamjuaje wa kumkata?

MzeeWaDarubini:
Marahaba mwanangu. Anakagua kitambulisho, zile MHC daraja la kwanza, protini zilizo juu ya seli zinazomwambia NK asiue. Interferoni alfa na beta, ishara nyingine za kinga, zinaisaidia seli T kujikinga, mojawapo kwa kuongeza hivyo vitambulisho, seli T isiyo na kipokezi cha interferoni hizo NK anaifyeka. Na kwenye lile jaribio waliokatwa moja kwa moja ni CD4, CD8 zikadhoofika kwa kukosa msaada wao, kwa hiyo Ijumaa usije ukaandika CD8.