Mzee kamaliza mionzi ya koo, chakula hakipiti

Wakuu, habari za humu. Mzee wangu, fundi seremala, alikauka sauti miezi mitatu, tukadhani vumbi la mbao. Kumbe saratani ya koo. Kapigwa mionzi mara 35, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki saba, kabanwa na ile barakoa ngumu ya plastiki ya kumzuia asitikisike, hadi alama za matundu zinabaki usoni. Sasa chai anasema ina ladha ya msumari. Waliopitia, ladha hurudi lini?

Mama Zuu: Pole mwanangu. Yangu ilirudi mdogomdogo, kama miezi mitano. Mpe uji wa ulezi na karanga, wa vuguvugu. Pilipili na ndimu sahauni. Mate ndiyo bado. Hadi leo nalala na chupa ya maji.

Kipanga: Jino likimuuma asikimbilie kung'oa! Awaone kwanza madaktari wake wa mionzi, taya lililopigwa mionzi haliponi kirahisi. Na mpimeni uzito kila wiki.

Muuliza swali: Asanteni sana. Leo kamaliza nusu kikombe, akanikazia macho: "Umesahau sukari." Nilitia vijiko vitatu.